Mia na Thelathini

Daktari aliandika namba kwenye kikaratasi,
mia na thelathini, akaipigia mstari.
Ghalib kaibandika kwenye friji
juu ya bili ya umeme.

Kila alfajiri namfunga mkanda mkononi.
Unavimba, unambana, unapumua.
Sisi wa Birkat al-Mauz tunaujua mfereji:
maji yakija kwa hasira, ukingo hubomoka;
yakija kinyonge, mtende wa mwisho haunywi.
Na mishipa yake, wamesema, imeota chokaa.

Mwezi wa Shaabani wakaongeza kidonge.
Mia na tano! Nikapiga kigelegele.
Akainuka kwenye mswala, akayumba,
akashika pazia, pazia likaja naye.

"Si ulitaka chini?" akaniuliza, kalala sakafuni, anacheka.
"Chini ndiyo hii."

Kidonge kimepunguzwa. Nami nimeacha kushindana na mashine.
Chumvi naipima kwa ncha ya kisu.
Ijumaa anaiba ng'onda; namwona, nanyamaza.

Leo mia na ishirini na nane.
Naandika kwenye daftari la marehemu baba yake,
lile la zamu za maji,
chini ya jina la mtu aliyechelewa kufunga lango.