Meno ya Bango

Muthiora wa duka la uchapishaji pale Bondeni
aliniuliza kwa upole, macho yake kwenye kioo cha kompyuta:
"Nikusafishie meno, mheshimiwa?"
Sikuwa mheshimiwa. Nilikuwa mgombea huru
mwenye deni la sako na alama ya mtungi.
Nikasema haya. Akabofya mara tatu
na miaka arobaini ya maji ya kisima ikanitoka kinywani.

Mabango mia tatu. Nikayabandika Kaptembwo yote,
kwenye ukuta wa kinu cha kusaga, kwenye milingoti ya stima,
kwenye lango la kanisa (kwa ruhusa, na nusu ya ruhusa nililipia).
Kila nilipopita nilijiona nikitabasamu
kama mtu aliyelelewa kwa maji ya chupa.

Mama Wangeci, muuza mutura kando ya mtaro,
alisimama mbele ya bango, kisu mkononi,
mafuta yakimshuka hadi kiwikoni.
"Huyu ni nani?"
"Ni mimi, mama. Kemuma. Wa Mwalimu Nyang'au."
"Funga mdomo nikuone."
Nikafunga.
"Sasa ni wewe. Fungua."
Akacheka hadi mutura ukaungua,
na meno yake yalikuwa yangu: kahawia, yenye milia,
kama chai iliyomwagikia shuka, unafua, unafua, haitoki.
"Ukiingia bunge la kaunti na meno hayo meupe, binti,
utawaambia maji yetu yana nini?"

Sikuwa na jibu. Nilinunua mutura wa ishirini, nao umeungua.

Nyumba kwa nyumba, basi. Mmoja aliomba unga.
Mmoja alitaka nimtoe mwanawe kituoni, usiku huohuo.
Vijana wa gereji walidai ya chai, na mmoja wao,
fulana ya mpinzani wangu, kofia ya mpinzani wa mpinzani wangu,
akanijulisha kwamba nafasi ya suruali bado iko wazi.

Karibu na dampo, Barmasai, bawabu wa ghala,
alinifungulia daftari lililokunjika pembe.
Taa. Taa. Mtaro. Taa. Zahanati. Basari.
Taa (na hapo ameongeza: *ameapa*).
"Majina siandiki," akasema.
"Majina hubadilika, wino utaisha bure."
Mstari mmoja ulikuwa umebaki chini ya ukurasa.
"Na yako?"

Nilikuwa na hotuba ya kurasa nne mkobani,
chujio la floridi, gharama yake, fungu la bajeti,
nimeikariri hadi kwenye vituo.
Lakini ule mstari ulinitisha kuliko jukwaa lolote.
"Andika: Jumatano baada ya kura, nitarudi hapa.
Nishinde, nisishinde."
Akatikisa kalamu. "Hayo si maendeleo."
"Najua."
Akaandika polepole, akamulikwa na simu yangu,
na kwa mara ya kwanza akaandika jina.
Alilikosea. Sikumsahihisha.

Kesho yake nilirudi kwa Muthiora.
"Rudisha rangi."
"Rangi gani?"
Nikafungua mdomo.
Alinitoza upya. Kusafisha, kuchafua, alisema,
kazi ni ileile, kipanya ni kilekile.
Pesa zilitosha mabango arobaini.

Usiku, kwa uji wa unga wa ngano na brashi ya viatu,
nikabandika uso wangu juu ya uso wangu.
Pale kwenye kinu haukukaa sawa:
pembeni, jino moja jeupe lilichungulia.

Alfajiri nilipita tena. Foleni ya kioski ilishafika barabarani,
na mtoto wa kike, miaka saba au minane,
ameweka mtungi wake chini, amelitazama bango,
ulimi wake ukipita juu ya meno, taratibu,
moja baada ya jingine.

Sijui kama mama yake amejiandikisha.