Ndala ya Mguu wa Kushoto

Ukurasa wa saba, aya ya pili, nimekwama.
"Chungwa liliposombwa, watafiti walitumia
ndala ya mguu wa kushoto,
ikaelea mita kumi kwa sekunde thelathini na nne."

Watafiti. Yaani mimi na wewe, Dokta Mamuya.
Majina yetu yako juu, lako kwanza,
langu nyuma yake kama mtoto aliyetumwa chumvi.

Mvua ya Aprili inapiga bati la kantini,
Kibo haijaonekana Moshi tangu Jumatatu,
nami nahesabu miguu yetu minne.
Wewe ndala sijawahi kukuona nazo.
Viatu vyako hung'arishwa pale stendi kila asubuhi.
Siku ile ya Narumu ulibaki garini,
kioo umepandisha, unatafuna karanga,
ukasema tope la migombani halikupendi.
Mimi nilifika banio la kwanza,
nikapiga picha nne, nikashuka.

Aliyebaki juu ni Haikaeli Lyatuu,
mwaka wa tatu, ada nusu,
saa ya kuazima mkononi,
siku kumi na tisa akiufuata mfongo
toka banio mpaka shamba la mwisho.
Chungwa lilipomponyoka penye maporomoko
alivua ndala akaitupa majini.
Mara ya tatu haikurudi.
Akashuka hadi lami na moja,
ya kulia,
na akayaandika yote, hata hilo,
maana hakuna aliyekuwa amemfundisha
kipi cha kuficha.

Tasnifu yake niliisahihisha mimi.
Kalamu nyekundu: "Ondoa ndala. Si kitaalamu."
Hakuondoa.
Nawe uliponakili, hukusoma.

Kule kwenye mfongo maji yana zamu.
Anayeyachepusha usiku hasemi ameiba,
husema yalipita yenyewe.
Ndivyo ulivyonijibu ofisini:
"Mradi ulikuwa mmoja, dada. Mawazo hayana uzio.
Yule binti tutamweka kwenye shukrani."
Shukrani! Mstari wa mwisho kabla ya marejeo,
baada ya dereva.

Nikakuuliza, ndala ilikuwa ya mguu gani?
Ukacheka. Nikauliza tena.
Ukatazama dirisha kana kwamba jibu linapita barabarani.
"Kulia, nadhani."

Sasa niandike lililo zito.
Fomu ya kuridhia uandishi ilinijia kwa simu, Ijumaa,
nikiwa Mbuyuni nachagua vitunguu.
Nilibonyeza ndiyo. Mswada sikuufungua.
Ilibaki makala moja nipande daraja,
na nilihesabu mshahara kabla ya kurasa.
Mkono wangu nao ulikuwa kwenye banio,
usiku uleule.

Barua kwa mhariri ina mistari sita.
Nimeifuta mara nne; kila mara
"nasikitika" inakimbilia mbele ikijipendekeza.
Nimeing'oa. Imebaki hivi:
Aya ya pili mpaka ya kumi na moja si zetu.
Mwenyewe yupo, anaitwa Haikaeli,
namba yake hii hapa.
Jina langu liondoeni.
Kuhusu cheo, nitabaki nilipo;
hilo sikuliandika, halimhusu mhariri.

Kabla ya kutuma nikampigia.
Yuko Himo, anauza vocha na kurudufu vyeti vya watu.
Nikamweleza mwanzo hadi mwisho,
nikanyamaza, nikingoja alie au anitukane.
Mashine yake ya kurudufu ilisikika, ikatoa karatasi,
ikatoa nyingine.

"Wameandika sekunde ngapi?"
Thelathini na nne, nikasema.
"Basi mwambie huyo mhariri arekebishe.
Ni thelathini na sita. Nilikosea mimi,
nikaja kuliona kosa nimeshakabidhi."