Panya Mdogo

Kiharusi kilimjia Jumanne, akimenya kiazi:
harusi ndogo isiyo na kadi wala mwaliko,
ikauchukua mkono wake wa kulia
na nusu ya maneno.

Sasa yuko wodini Truro,
mvua ya Cornwall ikipiga dirisha kwa mshazari.
Miaka thelathini na nane Bwana Treloar alifundisha Kilatini
kwa watoto wa wachimba bati wa Camborne,
na kila mwaka darasa jipya, swali lile lile:
Lugha iliyokufa, Mwalimu, itatufaa nini?

Morwenna, mtaalamu wa viungo, ana viganja vya moto.
Anaushika mkono uliolala kama nguo ya kuazima.
"Leo tunauamsha msuli huu."

Mzee anakataa kwa kichwa. Mdomo unapinda, unatafuta.
"Mus," anasema.
Morwenna anamletea maji.
"Mus... culus."
Maji yanamwagika kidevuni.
Basi kwa mkono wa kushoto, usiojua kalamu,
anachora nyuma ya orodha ya chakula, supu na samaki:
duara, masikio mawili, mkia mrefu mno.

Panya.
Ndivyo Warumi walivyouita msuli, panya mdogo;
huenda walimtazama mpiga kasia akikunja mkono,
kitu kikakimbia chini ya ngozi,
kikajificha kiwikoni, kikachungulia tena.
Waingereza wakaliokota neno, wakalikata mkia,
wakalifungia vitabuni mwa madaktari,
na hakuna aliyelisikia tena likichakura.

Morwenna anacheka, kisha hacheki.
Miaka kumi na mmoja akikanda mapaja, mabega, shingo,
kumbe ni mfuga panya.
Anagonga juu ya kiwiko kwa kidole kimoja,
kama agongaye ukuta wa ghala usiku:
hodi.

Kimya.

Panya wengi hawachimbi shimo, sawa;
lakini huyu ni mmoja, shimo lake refu,
na usingizi wake si wa kawaida.

Jumatatu alikuja na kipande cha jibini,
akakiweka katika kiganja kile kilichokufa.
Chambo, akasema.
Nesi akapita, akatazama, akaendelea na dawa zake.

Alhamisi, saa nne na robo,
jibini lilianguka.
Morwenna alisema labda ni baridi.
Bwana Treloar alisema neno moja la Kilatini, zima, safi,
ambalo mtoto yeyote wa Camborne
angechapwa kwa kulitamka.