Salio

Benki ya Wete, Jumatatu, saa tatu kasorobo.
Nimetoka eda Ijumaa.
Miezi minne na siku kumi sikuvaa viatu vya kutokea,
leo vyanibana.
Mkobani nina kijitabu cha Mbarouk, kitambulisho chake,
na cheti cha kifo kilichokunjwa mara nne.

Mtoto wa dirishani jina lake Salha;
mamake namjua, akiuza vileja pale Jadida.
Ananieleza kama anayemsomesha mtu alifu kwa kijiti:
"Bi Time, hii ni akaunti ya akiba.
Safu hii ni kuweka, hii ni kutoa,
na haya madogo madogo ni makato."
Makato nayajua, mwanangu.
Nimezaa wanane, ninao watano.

"Na riba, imo?" nauliza kwa sauti ya chini,
maana Mbarouk hata kuisikia alikuwa hataki.
"Haimo, bibi. Alikataa mwenyewe siku ya kufungua.
Pesa zake tumeziweka amana."
Amana! Neno la mtu anayesafiri
akamwachia jirani mbuzi wake.

"Na hundi?"
"Hundi ni za akaunti nyingine, ya wenye maduka.
Ngoja nikuchapie taarifa."
Mashine ikakohoa, karatasi ikatoka, ikatoka,
ndefu kama ukili unaosukwa na mtu asiye na haraka:
miaka sita ya mume wangu, kwa tarehe.

Tano Machi: kutoa, elfu arubaini.
Ndilo godoro lile. Aliniambia kapewa na rafiki yake wa Mkoani.
Septemba: kuweka, laki mbili na thamanini elfu.
Karafuu za mwaka ule, zile alizoapa
zimenyeshewa, hazikupata daraja.
Oktoba: kutoa, kutoa, kutoa.
Paa. Mabati. Misumari.
Mwongo yule.
Nikacheka, foleni nzima ikageuka.
Mjane hacheki benki.

Kumi na nane Juni: kutoa, elfu saba.
Hiyo siijui.

"Hapa chini kabisa," Salha akaweka kidole,
"ndipo penye salio: elfu kumi na nne, mia tatu.
Elfu kumi hazitoki mpaka akaunti ifungwe,
na kuifunga kwataka barua ya Mali ya Amana,
na warithi wote, na sahihi zao."
"Salio ndiyo nini hasa?"
"Kilichosalia, bibi."
Kilichosalia, mwanangu, kimesimama mbele yako
na viatu vyakibana.

Hakunisikia. Alikuwa keshamwita mwingine.

Nikaukunja ule ukili wa karatasi, nikautia kifuani,
nikavivua viatu mlangoni mbele ya askari,
nikashika njia ya Limbani peku,
jua la saa tano kichwani.
Godoro nimekusamehe. Mabati nimekusamehe.
Lakini elfu saba, Mbarouk.
Juni, watoto wamelala na uji, mvua haijakatika.
Elfu saba ya nini?