Mbeleko

Siku walipokuja kuhesabiana
mshenga, Mzee Chilongani, alisomea kwenye simu:
ng'ombe kumi na wawili, mbuzi watano,
kilemba cha baba, mkaja wa mama,
na mbeleko. Mbeleko, akasema, imeshatumwa,
elfu hamsini, ujumbe umeingia, tazameni.

Simu ya mama ikatetemeka mapajani.
Hakuitazama.
"Hii nayo," akauliza, "inafungwaje mgongoni?"

Wajomba walicheka. Yeye hakucheka.
Aliingia ndani; tukasikia bawaba za sanduku la bati,
akatoka na kitu nilichokuwa nakiona
mara moja kwa mwaka, kikianikwa kivulini:
shali la buluu iliyoiva hadi ikakaribia weusi,
madoadoa meupe, kama kanga,
kanga ndege, yule wa vichakani,
si hii nguo yetu iliyomwibia jina.

Halikuandikwa neno.
Hakuna fumbo la kumchoma jirani, hakuna methali pindoni.
Matamvua tu, marefu kama kiganja,
yamefungwa fundo kwa fundo
na mikono ya nchi ambayo mama huitaja
kama mtu anayetaja kijiji cha pili baada ya Mvumi.
Meksiko, anasema. Kule kwa Konsuelo.

Sista Konsuelo alifika Handali mwaka wa njaa.
Kigogo chake kilikuwa salamu tu, "mbukwa", asubuhi na jioni.
Nami nililala mkingamo tumboni siku mbili,
gari la wagonjwa limekwama korongoni,
basi akalivua shali mabegani,
akalipitisha chini ya nyonga za mama,
akashika ncha mbili, akampepeta.
Akampepeta polepole kama uwele kwenye ungo,
huku na huku, pumba huku, punje huku,
mpaka nikageuka.
Bibi yangu Mbeleje, aliyebeba watoto tisa
kwa ngozi ya mbuzi yenye shanga,
aliitazama kazi ile, akasema kwa Kigogo
kwamba kumbe na kwao wanajua.

Alipohamishwa aliliacha.
Kwao, alimwambia mama,
nguo hii hupokea mtoto, hubeba kuni,
hujifunika nayo bibi harusi, na mwisho
hufunikwa nayo maiti. Nguo moja tu.
Mama akajibu: sisi hutumia nne, lakini sawa.

Basi siku ile ya mahari
aliiomba pete ya Mzee Chilongani.
Mzee akaivua kwa shida, kwa mate.
Mama akaingiza ncha ya shali petemo, akavuta,
na shali zima likapita, pana lile, refu lile,
kama maji yanavyopita kwenye tundu la ndoo.
Hakuna aliyesema kitu.
"Sikatai hela," akasema. "Nataka mjue tu mnalipia nini."
Wiki iliyofuata walileta kitenge. Kizuri.
Mama alikipokea, na ile elfu hamsini hakuirudisha.

Leo niko zahanati ya Makole, foleni ya mizani,
upepo wa Dodoma umeshatupaka wote rangi moja.
Nyemo yuko mgongoni, meno mawili,
anatafuna matamvua.
Msichana nyuma yangu ananigusa bega:
"Dada, hiki kitenge umekipata duka gani?"
Natafuta pa kuanzia, foleni inasogea.

Nilipomshusha kwenye mizani nikaona:
fundo moja limefunguka,
nyuzi sita zinapepea, zimelowa udenda.
Sijui walivyofunga. Konsuelo hakumfundisha mama,
mama hakuuliza.
Najua fundo moja tu,
lile la pembe ya khanga,
alilofungia Bibi Mbeleje senti za chumvi.
Nikalifunga hilo.
Ni nene kuliko wenzake, na linaonekana.
"Kilo saba na nusu," akasema nesi. "Mwingine."