Mto Usio na Kina

Juniata mwezi wa Agosti ni maji ya magoti.
Kipimo cha pale darajani kinasema futi tatu,
lakini kipimo hakijawahi kufungwa propela.

Galen amekaa mbele, mahali pangu.
Miaka thelathini na moja nilikaa pale,
sandwichi mapajani,
nikimsikia nyuma yangu akiyatukana mawe.
Leo mkono wa injini ni wangu. Macho yake
yameingiwa na doa katikati,
kama sarafu iliyowekwa juu ya picha:
anaona kingo za dunia, haoni anachokitazama.
Daktari alilitaja doa kwa jina refu.
Galen akauliza tu, "Na mto je?"

Amenifundisha. Ulimi wa maji
ukichongoka kuelekea tuendako, pita.
Ukichongoka kutujia, kuna jiwe.
Na pale maji yanapotandika kama shuka
juu ya kitu mfano wa goti,
hilo ni goti kweli. Usiliamshe.

"Kushoto, Twila," anasema.
Hatazami, anasikiliza.
"Penye kelele hapana kina."
Mimi naona kushoto jua tupu,
bati linalomeremeta hadi machozi,
na kulia njia nyeusi, laini, ya kutembelea malaika.
Nina macho mawili mazima.
Nikaenda kulia.

Mlio ule huusikii masikioni,
unausikia kwenye meno.
Injini ikapayuka bila kazi,
kama mtu anayegombana peke yake jikoni,
na mashua ikageuka ubavu, polepole,
ng'ombe anayechagua pa kulala.

Pini imekatika. Ndivyo inavyotakiwa:
hutengenezwa laini makusudi,
ikatike yenyewe, ya senti chache,
propela ipone.
Kila ukoo una mtu wa namna hiyo.
Kwa akina Shoop nilikuwa mimi.

Tukashuka. Raba zikateleza juu ya mwani,
kamba wa mtoni wakarudi kinyumenyume mashimoni.
Na jiwe langu lilikuwa pale, kubwa kama jokofu,
limechorwa michirizi ya alumini,
mashua za watu, sahihi juu ya sahihi.
Galen akainamisha kichwa kama ndege,
akalitazama kwa pembe ya jicho,
akapitisha kidole.
"Hii ya kijani ni yetu.
Mwaka wa harusi ya Dorcas."
"Uliniambia tumegonga gogo."
"Ndiyo," akasema. "Nilikuambia."

Sikujibu. Nilikuwa na koleo mdomoni
na kopo la peremende za kifua
ambamo tunaweka pini za akiba, zimebaki mbili.
Yeye akarusha chambo kule kwenye kelele,
kiunoni majini, kofia imekaa upande,
akirusha kwa sikio.

Besi akampiga kabla sijakaza nati.
Akaruka mara moja, wa shaba, jicho jekundu,
akatutikisia kichwa sote wawili
kama mwalimu aliyekuta daftari tupu.
Mizani tuliisahau kwenye gari, na kina hakuna,
kwa hiyo samaki huyu hatoshei kwenye hadithi yoyote.
Galen alimshika taya,
akampapasa mgongo wote hadi mkiani,
akamwacha aende zake.

Tukapanda. Nikavuta kamba ya injini, ikakubali.
Mbele yetu mto ulikatika mara tatu
kati ya visiwa vya nyasi.
"Wapi?" nikamuuliza.

Ndipo treni ya mizigo ikaingia kwenye kona ya bonde,
ikayafunika maji, ikafunika na jibu lake.
Nikaona midomo yake inakwenda.
Nikazima injini, nikatupa nanga ya saruji.
Nikahesabu mabehewa: hamsini na nne, hamsini na tano,
makaa, makaa, magari mapya yenye madirisha ya plastiki,
themanini.
Galen alikaa kimya, uso kando,
akinitazama, nadhani, kwa ule ukingo wa jicho.
Mia moja na tisa.
Nikangoja asikie.