Mafuta Jichoni

Mgongo wangu siufikii,
ndiyo maana nakugeuzia, Tahsin,
nawe unamimina mafuta ya zeituni
kati ya mabega haya haya
utakayoyatafuta baadaye uyabwage majanini.
Hakuna kanuni isemayo: usibakize pakavu.
Ila wewe hubakizi,
hata nyuma ya sikio.

Zumari imelia, ngoma imejibu.
Robo saa tunasukumana vichwa,
mafahali wawili, zizi moja la nyasi,
suruali za ngozi zikituponyoka viganjani,
mara nakuona umefumba jicho la kushoto.
Mafuta yameingia.
Na mguu wako u wazi, u wazi kabisa.

Mjomba Nazmi pembeni anafoka: Sasa!

Nikakuachia.
Nikaomba kitambaa, nikakufuta
kama afutwavyo mtoto aliyelia.
Ukapepesa, ukaniona,
tukashikana tena.

Ulinibwaga kabla ya adhuhuri.
Tumbo langu likatazamana na mbingu.
Kisha ukainama, mdogo wangu kwa miaka tisa,
ukaubusu mkono wangu unaonuka zeituni.

Njiani Mjomba hakusema neno
hadi tulipofika darajani.
Hapo akapasua tikiti maji gotini,
akanipa upande wenye moyo.